Kuruhusiwa si Kupona: Istilahi za Dalili Zinazosalia Baada ya Maradhi ya Virusi

1. Utangulizi

Mkoa wa Katavi, ambao makao yake makuu yako Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Wenyeji wake ni Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wameungana na Wafipa, Wasukuma na wengine waliofuata ardhi ya kilimo na malisho, pamoja na wakazi wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao walipewa uraia baadaye. Upande wa magharibi, Karema inatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo katika wodi moja ya Mpanda wanaweza kulazwa wagonjwa watano ambao hakuna wawili kati yao waliolelewa katika lugha moja. Kinachowaunganisha wao kwa wao, na kinachowaunganisha na daktari na muuguzi, ni Kiswahili.

Mgonjwa wa namna hiyo akiisha kutibiwa hurudi kwao. Kwao kwaweza kuwa Karema, Inyonga, Majimoto au Mishamo, mbali na hospitali ya mkoa, na nauli ya kurudi mjini si kitu cha kuchezea. Tangu siku hiyo daktari hayuko karibu naye tena. Kilichobaki ni dawa chache, karatasi moja na maneno aliyoambiwa alipokuwa akiondoka. Dawa zitakwisha. Karatasi itasomwa na mtoto wa shule au na mwalimu. Maneno ndiyo yatakayoendelea kufanya kazi nyumbani, ama kwa faida yake ama kwa hasara yake.

Katika makala hii tunakusudia kuyachunguza maneno hayo kwa upande mmoja tu, nao ni ule unaohusu maradhi ya virusi ambayo yametibiwa hospitali lakini yameacha dalili nyuma yake. Tutaeleza kwanza dhana yenyewe, kisha tutapima maneno yanayotumika kuitaja, na mwisho tutatoa mapendekezo. Hatukusudii kuwafundisha madaktari udaktari. Tunasema na wafasiri, walimu na watumishi wa umma, ambao kila siku huandika au husoma barua, fomu na matangazo yenye maneno haya.

2. Dhana yenyewe

Watu wengi huufikiria ugonjwa wa virusi kama mgeni: huingia, hukaa, hutoka. Maradhi kadhaa hufuata desturi hiyo, lakini mengine hayafuati. Sababu zake ni nyingi, na inafaa mfasiri azitambue kabla ya kuchagua neno.

Kwanza, virusi huweza kuondoka mwilini lakini vikaacha kiungo kimeharibika. Mtoto aliyepata polio huweza kupona homa yake katika siku chache, huku mishipa ya fahamu inayoendesha mguu ikiwa imekwisha kufa. Mwaka 2023, alipogunduliwa mtoto mwenye polio katika mkoa jirani wa Rukwa, kampeni ya chanjo ilipita katika mikoa ya magharibi, Katavi ukiwamo, kwa kuwa hasara ya aina hiyo haina dawa ya kuirudisha nyuma.

Pili, virusi huweza kuondoka lakini kinga ya mwili ikaendelea kupigana, au ikabaki imedhoofika. Surua ni mfano wa jambo hili. Mwaka 2022 Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, ilikumbwa na mlipuko wa surua. Vipele vya surua hutoweka, lakini ugonjwa huo hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga, hata mtoto akawa rahisi kushikwa na maradhi mengine kwa miezi mingi, pengine kwa miaka 2 au 3. Tena, mtoto aliyepungukiwa na vitamini A anaweza kupofuka kwa surua.

Tatu, virusi huweza kubaki vimejificha. Tetekuwanga ya utotoni hupona, lakini virusi vyake hulala katika mishipa ya fahamu na huweza kuamka uzeeni vikaleta mkanda wa jeshi. Na mkanda wa jeshi wenyewe ukipona, maumivu ya mahali ulipopita huweza kusalia kwa miezi mingi.

Nne, kuna udhaifu unaotokana na kulala kitandani kwa muda mrefu, hasa kwa mgonjwa aliyekuwa mahututi na aliyesaidiwa kupumua kwa mashine. Misuli yake hunyauka, usingizi wake huvurugika, na hofu humfuata hata nyumbani.

UVIKO-19 umeyakusanya mambo haya karibu yote katika ugonjwa mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa fasili yake mwezi Oktoba 2021. Kwa mujibu wa fasili hiyo, hali ya baada ya ugonjwa huu kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu ugonjwa kuanza, dalili zake huchukua angalau miezi 2, na haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Fasili inaongeza kwamba dalili hizo huweza kuwa zilezile zilizosalia au mpya zilizozuka baada ya nafuu, na kwamba huweza kupanda na kushuka. Zinazotajwa sana ni uchovu, kukosa pumzi, na shida ya kufikiri na kukumbuka. Shirika hilo limekadiria kwamba watu wapatao 6 katika kila 100 walioupata ugonjwa huo hufikwa na hali hii. Msomaji aikumbuke fasili hii, maana tutairudia tutakapofika kwenye mapendekezo.

3. Ngazi za kupona katika Kiswahili

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kinazo ngazi za kutoka katika ugonjwa, na kila ngazi ina neno lake. Mgonjwa hupata nafuu, yaani maumivu hupungua ingawa ugonjwa upo. Kisha hupata ahueni, yaani anaanza kujiweza. Kisha hupona, yaani ugonjwa umekwisha. Na mwisho hurudi katika siha yake, yaani nguvu zake za zamani zimerejea. Mtu huweza kupona asiwe na siha, na huweza kuwa na nafuu asiwe amepona. Wazee wetu walizipambanua hali hizi, ndiyo maana anayekuja kumjulia hali mgonjwa huuliza, "Hajambo kidogo?" kabla hajathubutu kuuliza kama amepona.

Hospitali imeongeza neno la tano, nalo ni kuruhusiwa. Neno hili halielezi hali ya mwili wa mgonjwa, bali linaeleza uamuzi wa daktari. Mgonjwa huruhusiwa kwa sababu hatari imepita, au kwa sababu matibabu yaliyosalia yanaweza kufanyika nyumbani. Huo ni uamuzi halali. Kosa huja pale neno hili linapofasiriwa kuwa ni kupona. Tumezoea kusoma katika magazeti na kusikia katika redio kwamba wagonjwa kadha "wamepona na kuruhusiwa", kana kwamba maneno hayo mawili ni pacha. Katika taarifa ya habari huenda kosa hilo lisidhuru, lakini katika karatasi ya mgonjwa hudhuru.

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga au tumbaku aliyeruhusiwa mwezi Oktoba, wakati mashamba yanasubiri mvua. Karatasi yake imeandikwa "amepona". Novemba inafika, na kila akilima matuta mawili analazimika kukaa chini. Karatasi inasema mzima, mwili unasema mgonjwa. Jamaa zake wana njia tatu za kuufumbua mgongano huo: kusema kwamba yeye ni mvivu, kusema kwamba amerogwa, au kusema kwamba hospitali ilishindwa na hivyo atafutiwe dawa nyingine. Hakuna hata mmoja atakayesema kwamba neno lililoandikwa ndilo lenye makosa. Mtumishi wa ofisini naye hayuko salama, kwani mkuu wake akisoma "amepona" hana sababu ya kumpa kazi nyepesi wala likizo ya ugonjwa.

4. Mafunzo kutoka majina ya zamani

Kabla ya kuunda neno jipya, inafaa kutazama waliotutangulia walifanyaje. Pwani ya Afrika Mashariki ina historia ndefu katika jambo hili.

Mwaka 1870 Zanzibar ilipatwa na homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliiandika habari yake kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, nalo ni kidinga pepo. Neno hilo katika sura ya kidingapopo limehifadhiwa katika kamusi zetu kwa maana ya homa ya dengue. Hata hivyo wataalamu wa baadaye, wakiyapima maelezo ya Christie, wameona kwamba maumivu ya viungo yaliyowakalia wagonjwa wake kwa muda mrefu yanaafiki zaidi ugonjwa mwingine.

Ugonjwa huo mwingine ulikuja kutambuliwa katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1952 na 1953 homa kali ilienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipochapisha maelezo yake mwaka 1955, walitumia jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja. Jina hilo leo linatumika duniani kote. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba watu wapatao 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ulivuka hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi, na katika visiwa hivyo wako waliolalamika maumivu ya viungo kwa miaka.

Mafunzo hapa ni mawili. La kwanza ni kwamba jina zuri la ugonjwa huweza kutoka kinywani mwa anayeuugua. Wamakonde hawakutaja homa, kwa kuwa homa ni nyingi. Walitaja kile kinachomtofautisha mgonjwa huyu na wengine, yaani kujikunja kwake. La pili ni kwamba dalili inayosalia ina thamani ya utambuzi. Waliopuuza maumivu yaliyobaki waliyachanganya maradhi mawili, na waliyoyazingatia waliyatenganisha.

Mfano wa kinyume ni tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Majina haya ni mazuri yote mawili, lakini hayana udugu wa sauti wala wa maana, na kwa hiyo hakuna anayeweza kujua kutokana na majina kwamba ugonjwa wa pili ni kurejea kwa virusi vya ule wa kwanza. Haturuhusiwi kuyafuta majina yaliyokwisha kuzoeleka. Tunachoweza ni kuongeza istilahi ya uhusiano wenyewe, ili mwalimu aweze kumwambia mwanafunzi kwamba hapa pana kurejea, na si ugonjwa mgeni.

5. Kasoro za maneno yanayotumika

Sasa tuyapime maneno ambayo mfasiri huyakuta mezani anapotaka kuitaja dhana hii.

"Athari". Kwa asili athari ni alama inayoachwa na kitu, na kwa maana hiyo lingetufaa. Lakini katika matumizi ya afya limekwisha kuelemea upande wa dawa na chanjo. Mtu akisikia "athari za baadaye" huuliza mara moja, "Za sindano?" Aidha, jamaa yake mwathirika lilitumika kwa miaka mingi kwa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, mpaka ilipoonekana ni heshima zaidi kusema mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kumwita mtu mwathirika wa UVIKO-19 ni kumvika fedheha ambayo wenzake wamekwisha kuivua.

"Sugu". Ugonjwa sugu ni ugonjwa usiosikia dawa. Mgonjwa akiambiwa ana "maumivu sugu" huenda duka la dawa kutafuta dawa kali zaidi, na mara nyingi atauziwa dawa za kuua bakteria ambazo hazina kazi yoyote juu ya virusi, sembuse juu ya dalili iliyobaki baada ya virusi kuondoka.

"Kudumu". Neno hili lina ukweli kwa mguu uliopooza au jicho lililopofuka. Kwa uchovu unaoelekea kupungua mwezi hata mwezi si kweli, na humnyima mgonjwa matumaini bila sababu.

"Endelevu". Tangu tulipoanza kusema maendeleo endelevu, neno hili limekuwa la sifa. Maumivu hayastahili sifa.

"Salio" na "mabaki". Salio limechukuliwa na benki na simu, na hakuna atakayelirudisha kirahisi. Mabaki huwafanya watu wafikirie chakula cha jana au, vibaya zaidi, maiti. Kumwambia mtu kwamba ana mabaki ya ugonjwa pia humfanya adhani kwamba angali anaambukiza, akatengwa na wenzake kwenye sahani na kikombe.

"Korona ndefu". Hili ni jina lililofuata nyayo za Kiingereza. Mwezi Mei 2020 Elisa Perego, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Italia ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa, alitumia maneno mawili mafupi kuonyesha kwamba ugonjwa wake haukuisha katika wiki mbili kama ilivyodhaniwa. Wagonjwa wenzake waliyapokea, na wanasayansi wakafuata. Tunaiheshimu historia hiyo, lakini katika Kiswahili urefu husemwa kwa kamba, njia na mtu. Ugonjwa huwa wa muda mrefu, hauwi mrefu.

6. Maneno ya mgonjwa mwenyewe

Jambo jingine linalopasa kuangaliwa ni maswali anayoulizwa mgonjwa. Fomu nyingi hufasiriwa na mtu aliyekaa ofisini, naye huchagua neno lililo karibu na asili badala ya neno lililo karibu na mgonjwa.

Swali kama "Je, unahisi maumivu?" ni sahihi kisarufi. Lakini kwa Waswahili wengi nahisi ni nadhani, na mgonjwa aweza kujibu kwamba hahisi, anajua. Lugha ya kila siku husema kusikia: kusikia maumivu, kusikia baridi, kusikia kizunguzungu. Hata harufu husikiwa. Kwa hiyo swali la "Je, umepoteza uwezo wa kunusa?" lingeulizwa vizuri zaidi hivi: "Je, unasikia harufu ya chakula kama zamani?"

Uchovu nao una mitego yake. Aliyechoka hupumzika, akaamka mzima. Udhaifu unaofuata maradhi ya virusi hauna adabu hiyo. Usingizi hauuondoi, na kazi ndogo ya jana huweza kumlaza mtu leo kutwa. Kiswahili kina neno lililokaribia sana hali hii, nalo ni kunyong'onyea, ambalo halidai kwamba mtu amefanya kazi kwanza. Tunaona kwamba mnyong'onyeo lafaa kuwa istilahi, na uchovu liachiwe maana yake ya kawaida. Tofauti hii ni kubwa kwa mkulima wetu wa Oktoba, kwa maana anayeitwa mchovu bila kufanya kazi huitwa mvivu, lakini aliyenyong'onyea huonewa huruma.

Mwisho ni ile shida ya kufikiri na kukumbuka, ambayo Kiingereza cha mitaani hukiita ukungu. Ukifasiri neno kwa neno utapata "ukungu wa ubongo", na msomaji wa Inyonga atafikiri ubongo umeota ukungu kama mkate. Wagonjwa wenyewe husema kichwa kizito, au husema wanasahausahau. Katika maandishi ya kitaalamu tungeandika "kupungua kwa umakini na kumbukumbu", na katika mazungumzo tungewaachia kichwa kizito chao.

7. Mapendekezo

Baada ya mapitio hayo tunapendekeza istilahi zifuatazo. Tumependelea virai vinavyojieleza kuliko maneno mapya, kwa kuwa msomaji wa karatasi ya hospitali hana kamusi mkononi.

(a) Dalili za baada ya ugonjwa: jina la jumla la dalili zote zinazoonekana baada ya kipindi cha ugonjwa wenyewe kupita, ziwe za zamani au mpya.

(b) Dalili zinazosalia: zile zilizoanza pamoja na ugonjwa na hazijaondoka. Mfano: kukosa pumzi kwa aliyeugua UVIKO-19; maumivu ya viungo kwa aliyeugua chikungunya.

(c) Dalili zinazozuka baadaye: zile ambazo hazikuwapo wakati wa ugonjwa, zikaanza baada ya nafuu.

(d) Dalili za kupanda na kushuka: zile zinazopungua na kuzidi kwa vipindi. Mgonjwa aelezwe kwamba kupanda kwake si lazima kuwe ni maambukizo mapya.

(e) Kurejea kwa ugonjwa: kuamka kwa virusi vilevile vilivyokuwa vimejificha mwilini. Mfano: mkanda wa jeshi ni kurejea kwa virusi vya tetekuwanga.

(f) Kuambukizwa upya: kuingiwa na virusi kwa mara nyingine kutoka nje. Istilahi hii na iliyotangulia zisibadilishane, kwa maana ya kwanza haikingwi kwa kujitenga na watu, na ya pili huweza kukingwa hivyo.

(g) Ulemavu uliosababishwa na ugonjwa: hasara ya kiungo au ya hisi isiyotazamiwa kurudi. Mfano: kupooza kwa polio, kupofuka kwa surua. Hapa, na hapa tu, neno la kudumu lina mahali pake.

(h) Maudhi ya dawa: usumbufu unaoletwa na dawa yenyewe. Wahudumu wa uzazi wa mpango wamekwisha kulizoeza neno maudhi kwa watu, na litatusaidia kuitenga dhana hii na zile za juu.

(i) Hali ya baada ya UVIKO-19: jina la hali iliyofasiliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Lina faida ya kujengwa juu ya UVIKO, ufupisho unaotamkika kama neno, kwa mfano wa UKIMWI uliotangulia.

(j) Aliyeruhusiwa, aliyepona, manusura: la kwanza ni la uamuzi wa hospitali, la pili ni la hali ya mwili, na la tatu litengewe waliookoka katika maradhi yanayoua wengi. Mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 ulishika watu 9, wakafa 6. Wale 3 ni manusura kwa maana kamili ya neno.

Twaomba tahadhari moja isisahauliwe. Fasili ya mwaka 2021 inataka kwamba dalili zisiwe zinaelezeka kwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo istilahi zetu zisigeuke kuwa kifuniko cha kufungia uchunguzi. Katika mkoa wenye malaria, homa inayokuja baada ya mgonjwa kuruhusiwa ni lazima ipimwe. Na kikohozi kilichopita wiki mbili kichunguzwe kifua kikuu, hata kama mwenye kukohoa alikwisha kuambiwa kwamba alikuwa na UVIKO. Jina "dalili inayosalia" litolewe baada ya uchunguzi, na si badala yake.

8. Matumizi katika maandishi

Istilahi hupimwa kwa kutumiwa. Tuseme karatasi ya mgonjwa imeandikwa hivi: "Mgonjwa amepona na ameruhusiwa. Arudi hospitali akipata athari." Sentensi hizi mbili fupi zina makosa matatu. Zimesema amepona kabla ya wakati, zimetumia athari bila kusema ni za nini, na hazikumwambia mgonjwa ni lini arudi.

Tungeiandika hivi: "Umetibiwa na umeruhusiwa kwenda nyumbani. Hatari imepita, lakini mwili wako haujarudi katika siha yake. Huenda ukasikia mnyong'onyeo, kichwa kizito au kukosa pumzi unapofanya kazi. Hizi ni dalili zinazosalia. Kwa watu wengi hupungua polepole. Anza na kazi nyepesi, na upumzike kabla hujanyong'onyea. Rudi hospitali upesi ukipata homa, ukikosa pumzi hali umekaa, au ukikohoa zaidi ya wiki mbili."

Maandishi haya ni marefu kuliko yale ya kwanza, lakini hayana neno hata moja ambalo mtoto wa darasa la saba wa Majimoto atashindwa kumsomea babu yake. Na babu akiisha kusomewa atajua mambo matatu: kwamba hakudanganywa, kwamba hakurogwa, na kwamba iko siku ya kurudi hospitali.

Katika ofisi, barua ya kumrudisha mtumishi kazini isiishie kwenye "amepona". Iseme ameruhusiwa tarehe fulani, ana dalili fulani zinazosalia, na anafaa kazi ya namna fulani kwa muda fulani. Katika shule, mwalimu anayemwona mwanafunzi aliyetoka hospitali akisahausahau masomo asimwite mzembe kabla ya kuuliza aliugua nini.

9. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili kinazitofautisha nafuu, ahueni, kupona na siha, na kwamba hospitali imeongeza kuruhusiwa. Ngazi hizi tano zikiachwa zichanganywe, mwenye kuumia ni mgonjwa aliye mbali na daktari. Zikitenganishwa, hakuna gharama inayoongezeka ila mistari michache ya wino.

Kazi moja bado haijafanywa, na wasomaji wetu wa mikoani ndio wanaoweza kuifanya. Kimakonde kiliipa dunia jina la ugonjwa. Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, Kifipa, Kisukuma na Kirundi, zote zinazosemwa katika mkoa huu mmoja, bila shaka zina maneno yake ya mwili usiorudi baada ya homa. Tunawaomba walimu na wahudumu wa afya wa Mpanda na kwingineko wayakusanye maneno hayo, wayaandike pamoja na maana na mfano wa matumizi, na kuyapeleka kwenye Baraza. Yatakayofaa yaingizwe katika Kiswahili sanifu. Na yale yasiyoingizwa yatakuwa angalau yamemsaidia muuguzi wa wodi hiyo kuelewa anachoambiwa na mgonjwa aliye mbele yake.